Unga Ninaouvuta Puani

Ndugu zangu, kabla sijasema neno, naomba mtungi huu wa maji ubaki hapa karibu nami. Kwa sasa sina haja nao, ila nikiuona moyo unatulia.

Nimesimama kwa sababu Jumapili iliyopita mzee mmoja wa kanisa alinikuta nyuma ya ukuta nikivuta unga puani. Akasema, "Mwanangu, ugoro na meza ya Bwana havikai pamoja. Chagua." Sikumkasirikia. Lakini unga huu nikiuacha, nitakufa. Nisikilizeni, kisha mniambie kama niuache.

Mnajua kiangazi wanaume wa kwetu hushuka Ivuna kufuata chumvi. Mwaka ule, tukipanda mlima kurudi na mizigo kichwani, niliteleza, kichwa kikagonga jiwe. Damu ikatoka puani. Nikajifuta, nikaendelea. Nilipofika nyumbani, kiu ikaanza.

Si kiu mnayoijua ninyi. Nilimaliza mtungi wa kwetu, nikahamia wa jirani. Na mkojo, samahani akina mama, ulitoka mweupe kama maji ya chemchemi, usiku na mchana. Hakuna shina la kahawa shambani kwangu lisilojua habari zangu. Mashemeji wakanitania: "Huyu aende mtoni mwisho, ng'ombe wakishakunywa. Akitangulia, hawataambulia kitu!" Nikacheka nao, huku ulimi umenata mdomoni.

Baba yangu mdogo, mpishi wa chumvi tangu ujana wake, ndiye aliyetoa hukumu. "Aliramba chumvi ikiwa bado jikoni," akasema. "Imemkaa mwilini. Nasi tunajua chumvi inavyotolewa. Unachemsha mpaka maji yaishe, inabaki yenyewe."

Ndugu zangu, nawaambia, walinipika.

Waliniingiza kibandani, wakakoka moto, wakaegemeza gogo mlangoni kwa nje. Maji, hata tone, hapana. Mke wangu alipopiga kelele wakamfungia kwa shangazi. Baba mdogo aliketi nje akinibembeleza, "Vumilia, mwanangu, inatoka," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Jasho likanikauka, ngozi ikabaki na vumbi jeupe. Wakachungulia. "Chumvi hiyo! Ongezeni kuni!" Wakashangilia. Mpaka leo nikikumbuka furaha ile, mwili unanisisimka. Walikuwa wananiua, na kila mmoja wao alikuwa ananipenda.

Nikaanza kuongea na mama yangu, ambaye tulikwisha kumzika. Nikaramba udongo wa ukuta.

Ndipo akaja mama mkwe. Desturi yetu mnaijua: tangu nioe, yeye akiniona njiani huingia porini, nami hutazama chini. Sikuwahi kuuona uso wake. Nilimsikia akiuliza nje, "Hajanywa tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Na hayo yanayopita chini ya mlango ni nini?"

"Mkojo."

"Mtu hajatiwa maji, na bado anakojoa? Hayo ni maji yake mwenyewe. Mnammaliza!"

Nikasikia gogo likiburutwa. Watu wakapiga kelele, "Mama, huyo ni mkweo!"

Akajibu, "Mbuzi wa kuosha aibu ninaye. Mkwe mwingine sina."

Akaingia na kibuyu. Akanishika kichwa kwa mkono wake, akaninywesha. Ndipo nilipouona uso wake kwa mara ya kwanza.

Walinibeba kwa machela mpaka hospitali ya serikali. Daktari akapima mkojo, akasema hauna sukari. Akauliza, "Uliwahi kuumia kichwa?" Nikamweleza lile jiwe. Kisha akamgeukia mwuguzi: "Anyimwe maji."

Nilipiga yowe! Nikajua nimekabidhiwa kwa baba mdogo mwingine, huyu amevaa koti jeupe. Lakini safari hii mwuguzi hakuondoka kando yangu, akinipima uzito mara kwa mara. Uzito ulipopungua na mkojo ukawa vilevile, daktari akasema yatosha, akanichoma sindano.

Jioni mkojo ukawa mchache, wa rangi ya chai. Wakaniletea kikombe cha maji. Nikakitazama, nikakiacha. Katika yote niliyopitia, hilo ndilo lililonishtua zaidi.

Daktari alinieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya maharage, nayo ndiyo inayoamuru figo zisimwage maji. Yangu iliumia pale mlimani. Unga huu alionipa nivute ni tezi hiyohiyo, imetolewa kwenye vichwa vya ng'ombe, ikakaushwa na kusagwa. Naam, ng'ombe walioogopewa kufa kiu kwa ajili yangu ndio wanaonizuia kiu leo.

Namshukuru daktari, na mwuguzi yule asiyeondoka. Namshukuru baba mdogo, aliyeshika machela upande wa mbele njia nzima, akakataa kupokewa. Na mama mkwe, aliyeketi kule upande wa wanawake, amejifunika uso kama desturi inavyotaka. Mama, sikutazami, lakini nimekuona.

Ninachowaachia ni hiki: mtu akikwambia ana kiu, mpe maji kwanza. Maswali yana siku yake.

Mzee wangu, ulimi umeanza kunata nikisema nanyi. Nyuma ya ukuta siendi tena. Mniwie radhi, nauvuta hapahapa.