Kamera Ipi Ibaki Newala

Huo mngurumo mliousikia spikani sasa hivi si umeme kuchezacheza. Ni mwanangu Faudhia hapa mgongoni; amenyoosha shingo akakinyonya kipaza sauti. Mniwie radhi, nimeshakipangusa kwa kanga.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu wetu Shadrack, wazee wangu wa Newala, shikamooni. Wageni mliopanda kutoka Masasi, na akina mama wenzangu tunaomaliza leo mafunzo ya kupiga video, habari za mchana.

Wenzangu wamenituma nizisemee kamera hizi mbili mezani, maana moja inabaki na kikundi chetu na nyingine inarudishwa, na Mheshimiwa ndiye anayeamua leo. Mwalimu anataka ibaki kubwa. Mimi, kwa heshima zote, naiombea ndogo.

Kubwa ni nzuri, sisemi uongo. Picha yake imetulia, rangi za ngozi zetu inazipatia, hata jioni ukimpiga mtu unaona mpaka alichokula. Lakini ni ya kubeba begani, na mama mwenye mtoto mgongoni ataiweka wapi? Bega langu lina mwenyewe! Nikimwelekezea bwana harusi, Faudhia anachomoa waya, tunapata harusi ya mabubu.

Halafu inachemka. Tulikwenda nayo Chiwata kumhoji Mzee Alfredi habari za mikorosho yake. Mwenzetu Paskalia akaanza, "Shikamoo babu." "Marahaba." Ikazima. Tukaipepea, ikawaka, Mwalimu akasema tuanze upya. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Ikazima tena. Tukaenda hivyo mpaka mzee akasimama: "Ninyi, kwani mimi nakufa na kufufuka? Marahaba zangu za leo zimekwisha, zilizobaki ni za nyumbani!"

Mwalimu akaninong'oneza, "Mama Faudhia, si mruke salamu?" Nikamwambia, Mwalimu, wewe kwenu mbali, utaondoka, babu huyu sisi tunakutana naye kila mnada wa korosho. Nani kati yenu angeitazama video ya binti anayemhoji mzee bila kumwamkia?

Kesho yake tukarudi na ndogo. Inakaa kiganjani, inawaka kabla hujamaliza kusema shika. Mzee alizungumza mpaka akachoka mwenyewe. Nayo ina kasoro zake: gizani picha inajaa chengachenga, na upepo wetu wa huku juu unaimeza sauti, lazima uongeze kile kipaza chenye manyoya kwenye fimbo ndefu. Watoto wa Chiwata walipokiona walitufuata njia nzima: "Mama, huyo panya mnamchoma saa ngapi?"

Mheshimiwa, kubwa ikibaki itafungiwa kabatini, na harusi zetu zitaendelea kupigwa na watu wa kuagiza kutoka mbali. Ndogo ikibaki, Jumamosi tuna harusi ya Theodora, tumeshaahidi. Mimi nimeishia darasa la saba. Ila nataka mwanangu akiulizwa mama yako anafanya kazi gani, ajibu upesi.

Mwalimu, asante kwa kutuvumilia. Nanyi nyote asanteni kwa kunitegea masikio, maana kusimama mbele ya watu wakubwa si... Abee, Mheshimiwa? Nije? Ndogo? Ndogo kweli? Jamani! Paskalia, nipokee mtoto, niende niichukue!