Nilipodhani Mke Wangu Ananiangusha

Ndugu zangu, sifa zote kwa Bwana! Nimeomba niseme haya nikiwa nimesimama, hata kama mguu huu utalalamika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, basi leo sifichi.

Wengi mnanijua. Mimi ni fundi mwashi wa hapa Ipogolo, na kiburi cha ufundi nilikuwa nacho tele. Fundi mwenzangu akibishana na timazi, ile kamba yenye chuma chini tunayopimia ukuta, nilimwambia abomoe aanze upya. Wala sikumwonea huruma.

Asubuhi moja, nikikoroga udongo, kiharusi kikanipiga. Mkono na mguu wa kushoto vikapooza. Mke wangu, Mama Tumaini, akawa ananikalisha kitandani. Lakini kila akinikalisha, nilijiona naangukia kulia! Nikajisukuma kwa mkono wangu mzima kwenda kushoto, nikaanguka chini kushoto. Akinishika, nilimsukuma na yeye.

"Baba Tumaini, umeinama," alisema. "Mimi nakunyoosha tu."

Sikumsadiki. Kaka zake walipokuja kutoka Uyole, kule Mbeya, kuniona, nikasema mbele yao na mbele ya majirani: "Mwanamke huyu ananiangusha makusudi, anataka nife." Ndugu zangu, nilisema hivyo! Kaka yake mkubwa akanijibu taratibu, "Haya shemeji, kama ni hivyo, tunaondoka naye." Wakapanda lori wakaenda zao Mbeya. Mimi nikaona nimeokoka na adui.

Mdogo wangu akanipeleka hospitali ya misheni. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mzee wa Kihehe, mikono na miguu yake yote ina nguvu, lakini akitembea anayumba utafikiri ameshinda kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi. Watu walimsema sana, naye maskini haonji. Daktari akatueleza kuwa yule mzee ugonjwa umempiga ubongo wa kisogoni, na mimi umenipiga upande wa kulia, umegusa pale panapomwambia mtu wima ni upi. Kila mmoja huyumba kwa namna ya pale alipopigwa.

Nikamwambia, "Bwana daktari, wima naujua. Ndiyo kazi yangu."

Hakubishana. Siku ya pili nesi akaning'iniza timazi mbele ya kitanda changu. Nikalitazama, nikacheka. "Mama, kamba yako imepinda."

"Mzee," akasema, "timazi hupinda?"

Nililia, ndugu zangu, na kilio changu hakikuwa cha mguu. Niliona uso wa Mama Tumaini akipanda lori. Nikaomba: Bwana, mwili wangu unanidanganya, nisaidie niamini nisichokihisi.

Tangu siku ile nilijifunza kukaa kwa kufuata kamba. Mwili ulipiga kelele kuwa naanguka, nami nilibaki pale pale, macho kwenye kamba. Ilichukua miezi. Mdogo wangu akaniandikia barua kwenda Uyole kwa Mama Tumaini, nikaungama yote. Jibu halikuja.

Alikuja mwenyewe. Nilikuwa mlangoni kwangu na fimbo, bado nimeinama kidogo kushoto. Alisema "Kamwene", salamu yetu ya huku, kama aliyetoka kisimani tu, akatua mzigo wake, akaingiza bega lake chini ya kwapa langu akanivuta kulia. Niliogopa sana, lakini sikumsukuma.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, na daktari, na nesi yule. Na wewe ndugu uliye hapa, kama mtu anayekupenda anakwambia umeinama, usiwe mwepesi kuapa kuwa yeye ndiye mbaya wako. Mwamini Bwana, mpe nafasi akunyooshe, hata kama utaona unaanguka.

Neno langu la mwisho si lenu. Nilimshtaki mbele ya watu, na msamaha nimeuomba nyumbani tu; haitoshi. Mama Tumaini, wewe uliyekaa pale na akina mama, watu wote hawa wasikie: hukuniangusha hata siku moja.