Aliyemuua Daktari

Fundi cherehani alikuwa anasinzia dirishani treni ilipopita hospitali kuukuu. Ndipo akamsikia mzee wa kiti cha mbele akimwambia mwenzake, "Yule muuguzi aliyemuua daktari, tulikaa naye nyumba moja." Usingizi ukamruka. Daktari wa hospitali ile alikuwa babu yake, mzaa mama.

"Mungu amlaani," akadakia mama mwenye kikapu. "Daktari mpole vile! Alimtibu mama yangu mpaka akapona."

"Amlaani nani, marehemu?"

"Si huyo muuguzi wako!"

"Mama, muuguzi ndiye maiti. Daktari ndiye aliyefungwa."

"Mzee, si umesema aliyemuua daktari?"

"Ndiyo. Aliyemuua daktari."

"Basi kaua yeye!"

"Kauawa yeye!"

Maneno yalikuwa yaleyale; maiti tu ndiye aliyebadilika. Fundi angecheka, kama daktari huyo asingekuwa babu yake. Kwao kulikuwa na picha ya babu ukutani, na kila mama yake alipoifuta vumbi alimtaja "yule muuguzi aliyemuua babu yako." Fundi alikuwa amemchukia muuguzi huyo tangu utotoni. Hakuwahi kuuliza babu alifia wapi.

Treni ikasimama, wale wawili wakiwa bado wanabishana. Mama yake alikuwa anamngoja kituoni. Fundi akashuka mbio, akamshika mkono hata kabla ya salamu. "Mama, yule muuguzi aliyemuua babu..." Akatafuta namna nyingine ya kulisema, akaikosa.

"Ee, huyohuyo," mama akaitika. "Amefanyaje?"