Koo la Bi Rudia

Ndugu wafiwa, majirani zetu, wanataaluma wenzake mliotoka mbali, na ninyi mliokosa viti mkasimama juani, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kufika. Mimi ni wifi wa marehemu, dada wa mume wake, na nimechaguliwa kusoma kwa sababu ndimi niliyebishana naye kuliko mtu mwingine yeyote hapa, wazee wakasema anayemjua mtu vizuri ni yule aliyegombana naye na bado wakala sahani moja. Karatasi hii nimeiandika mwenyewe, nitajitahidi kuifuata, na mkiona nimenyamaza mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa posta na mshonaji wa sare za shule, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Kaka yake mkubwa, aliyeketi pale mbele, anasimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, alikaribia miaka mitatu hajatamka neno la maana, majirani wakaanza kumwonea mama yao huruma, kisha asubuhi moja akafungua kinywa kulalamika kwamba uji ni wa moto, na tangu siku hiyo nyumba ile haikupata kimya tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari mwaka 1986, akajiunga na chuo cha ualimu, na mwezi Januari 1990 akapangiwa darasa la tatu katika shule iliyopakana na karakana ya wachomea vyuma. Katika darasa hilo kulikuwa na binti mmoja aliyejulikana kwa ukaidi, kila mwalimu alikuwa amekwisha kumwadhibu, lakini marehemu aligundua kwamba ukaidi ule huisha siku ambazo karakana imefungwa, ndipo alipomshika mkono akampeleka kwa mpima masikio wa hospitali, ikaonekana kwamba mtoto hasikii vizuri na hakuwa na kosa lolote. Mpima masikio akamwambia kwamba kupima anaweza, lakini wa kumfundisha mtoto kama huyu kutamka hayupo, labda aende akasomee yeye. Mimi nadhani yule bwana alikuwa anatania, ila marehemu hakuwa mtu wa kutaniwa kuhusu shule, aliomba ruhusa, akasomea tiba ya usemi kuanzia Septemba 1993 hadi Novemba 1996.

Tarehe 1 Februari 1997 aliajiriwa katika hospitali ileile alikozaliwa, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka mwisho wa korido ya mazoezi ya viungo, chenye meza moja, kioo kilichotundikwa usawa wa macho ya mtoto, na viti viwili vya chekechea, kimoja cha mgonjwa na kimoja chake, na kwa sababu alikaa kwenye kiti hicho kwa miaka ishirini na sita, mgongo wake haukumsamehe. Hapo walipita watoto wenye kigugumizi, watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, wazee waliopigwa na kiharusi wakabaki wanayajua maneno yote ila yamegoma kutoka, na kila mmoja aliambiwa neno moja kwa sauti ya upole isiyokubali ubishi, rudia, mpaka watoto wakamwita Bi Rudia, kisha wauguzi, kisha mganga mkuu, na mwishowe hata mimi nikasahau kumwita jina lake.

Mwaka huohuo fundi majokofu aliitwa kutengeneza jokofu la chanjo, kazi ya siku moja akaifanya kwa siku tatu, na huyo fundi ni kaka yangu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998. Wanaomfahamu kaka yangu wanajua kwamba maneno yake kwa siku yanatosha kwenye kiganja, hivyo watu walisema mtaalamu wa kusemesha watu amejipatia mgonjwa wa kudumu, naye alijibu kwamba huyu hana ugonjwa, ni ubahili tu. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye sasa ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa mwaka 2004, anayesomea umeme.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugombanisha. Watu wa taaluma hii, wa usemi kwa wa usikivu, hawaruhusiwi kukaa na cheti cha zamani wakajiita wataalamu, kila baada ya muda lazima waonyeshe wamehudhuria mafunzo endelevu, la sivyo leseni haihuishwi, na mimi hilo nililielewa. Nisichokielewa ni mtu ambaye saa zake za mafunzo zimeshatimia na bado anafunga begi. Mwaka 2008 kaka yangu alipasuliwa ngiri siku ya Jumatatu, Alhamisi mke wake akaenda kujifunza namna ya kunyonyesha watoto wenye midomo iliyopasuka, nikabaki mimi na mgonjwa na watoto wawili, na aliporudi nilimpa maneno yake kamili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimetamka vizuri sana, kisha akanionyesha kwa kijiko jinsi kitoto kinavyoweza kulishwa kisipaliwe. Msisubiri niseme leo kwamba nilikosea kumfokea, maana yeye mwenyewe hakunitaka niseme hivyo, tulifokeana na tukapendana.

Kuanzia mwaka 2013 alikuwa mmoja wa wakufunzi wa mafunzo hayo, na somo lake lilikuwa kumeza. Mimi nilidhani kumeza hakufundishwi, mpaka aliponieleza kwamba mgonjwa wa kiharusi anaweza kunusurika na kiharusi kisha akauawa na kikombe cha maji kilichopita njia ya mapafu. Kila mwaka, katika ukumbi ulio ghorofani juu ya duka la dawa, wenye feni moja inayozunguka na nyingine ya kutazama, aliwapanga washiriki wawili wawili, mmoja akinywa kijiko cha maji, mwenzake akiweka vidole vinne shingoni mwake, cha kwanza chini ya kidevu, cha pili kwenye shina la ulimi, cha tatu na cha nne juu na chini ya kikoromeo, kisha akingoja koo lipande. Kungoja ndiko alikokazania, alisema kidole kinachoondoka mapema humwambia mwenyewe kile anachotaka kusikia.

Mwezi Novemba 2022, akiwa anamfundisha mtoto mbele ya kile kioo, aliuona ulimi wake mwenyewe ukitetemeka. Hakumwambia mtu. Tarehe 17 Machi 2023 daktari wa mishipa ya fahamu alithibitisha kwamba ni ugonjwa unaolegeza misuli kidogo kidogo, ambao kwake ulianzia kwenye ulimi na koo, na ambao hauna tiba ya kuuondoa. Binti yake aliyekuwa naye anasema daktari alitafuta maneno mepesi, mama akamsaidia kuyapata.

Ilipofika Agosti, sauti yake ikiwa imeshakuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, alitangaza kwamba atakwenda kwenye mafunzo ya mwaka huo, na safari hii koo la kujifunzia litakuwa lake. Tulikaa kikao cha familia. Kaka yangu alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia, akasema siku zilizobaki ni chache na anazitaka zote hapa nyumbani, na kwamba mke wake si chombo cha maonyesho ashikwe shingo na watu thelathini, na mimi nilikuwa upande wake na nilipiga meza. Marehemu alitujibu polepole, neno baada ya neno, kwamba miaka yote wanajifunza kwa kushikana wazima kwa wazima, wanarudi wodini na kukutana na koo gonjwa kwa mara ya kwanza kwa mtu anayekaribia kufa, na kwamba yeye ameshika makoo ya watoto na wazee wa watu robo karne nzima na hakuna aliyemwambia mimi si chombo. Kaka yangu alikwenda kutafuta gari.

Siku hiyo, tarehe 22 Agosti 2023, mimi nilikuwepo, nilikaa nyuma karibu na mlango pamoja na kaka yangu, yeye amepakata mkoba wa mke wake. Marehemu aliketi mbele, akafungua kola ya blauzi, akawaita mmoja mmoja. Alikunywa kijiko cha maji kwa kila mmoja wao, wakaweka vidole, na mmoja baada ya mwingine wakasema kwa sauti kwamba koo linapanda vizuri, mama, halina shida. Walikuwa wanafunzi wake, wengine walikuwa wamejifunza kuweka vidole hivyo kwa mara ya kwanza mikononi mwake, na mimi na kaka yangu tukaanza kupumua, tukatazamana, tukaamini kwamba pengine daktari amezidisha.

Kisha akaja binti mmoja mdogo, mpima masikio, aliyekuja kwa sababu alipungukiwa saa za leseni na somo hilo ndilo lililokuwa na nafasi. Kazi yake ya kila siku ni kumpigia mtu mlio hafifu kisha kungoja anyooshe mkono, kwa hiyo kungoja alikujua. Aliweka vidole akakaa navyo mpaka watu wakaanza kujikohoza, akasema kwa sauti ya chini, akiomba radhi, kwamba koo linakawia, halafu linapanda nusu, linajaribu tena, na kwamba mama akisema baada ya kunywa, sauti yake inasikika kama ina maji ndani. Marehemu alimtikisia kichwa kwa shukrani, akawageukia wale wengine, na kwa ulimi ule uliochoka akawaambia kwamba wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba wote wamekihisi alichokihisi huyu mtoto, na kwamba mgonjwa anayeonewa haya namna hiyo hupaliwa siku ya pili yake. Kisha akawaambia rudieni. Wakarudia wote, wengi wakilia, na safari hii kila mmoja alisema kweli, hivyo kaka yangu alikaa pale na mkoba mapajani, akasikia mara zote hizo kwamba mke wake hawezi tena kunywa maji.

Ndipo tulipoelewa kwa nini nyumbani alikuwa akifungulia bomba la jikoni kila anapokunywa, kumbe ni ili tusisikie anavyokohoa. Mimi nilikuwa nimemsema kwa kupoteza maji.

Walirudi nyumbani, na kabla hata ya kuvua viatu kaka yangu alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamwomba amfundishe. Mikono ile imezoea mabomba ya shaba na spana, alianza kwa kubonyeza mno, akarudishwa, akarudishwa tena. Akajifunza kukoroga maji mpaka yawe mazito, kumkalisha wima, kungoja. Mwezi Novemba marehemu aliwekewa mrija wa tumboni, chakula kikapita huko, lakini aliomba abakiziwe kijiko kimoja cha chai kila jioni, kutoka kwa mkono wa mume wake tu, vidole vyake vikiwa shingoni, na wakati huo sisi wengine tulijifunza kutoka chumbani wenyewe. Kuanzia Desemba hakuweza kusema. Kwa kijiko kile ndipo walipozungumza, yeye asiyeweza tena na yule ambaye hakuwahi kupenda kusema.

Tarehe 2 Februari 2024 alilazwa kwa homa ya mapafu. Jumapili jioni daktari aliruhusu matone machache ya chai, kaka yangu akayaweka ulimini, akaweka vidole, akangoja, kisha akamgeukia muuguzi na kumwambia taratibu kwamba halijapanda, wayafute. Marehemu alikuwa macho na alimtazama, na sisi tuliokuwepo tulielewa kwamba mwanafunzi wake amesema kweli. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameacha mume, watoto wawili, ndugu wanne na wifi mmoja.

Familia inamshukuru daktari wa mishipa ya fahamu ambaye hakutuficha kitu, madaktari na wauguzi wa wodi, ambao wengi wao walimuuguza huku wakijifuta machozi kwa mikono ya makoti, majirani mliotupikia na kukesha nasi siku zote hizi, uongozi wa hospitali, na wanataaluma wenzake wa usemi na wa usikivu. Nimeambiwa mafunzo ya mwaka huu yapo mwezi wa nane kama kawaida, nendeni. Na wewe mpima masikio, mwanangu, nimekuona umejificha nyuma ya nguzo, hukumletea mtu kifo, ulitupa miezi ambayo maji yangetunyang'anya, njoo mbele ukae na familia.

Kaka yangu ameniomba niongeze sentensi moja ambayo yeye hawezi kuisimamia hapa. Anataka mjue, hasa ninyi mliofundishwa naye, kwamba Jumanne asubuhi hakukuwa na chai wala kijiko, aliweka tu vidole vinne mahali pake, akangoja mkewe ameze mate, na hata mashine ya mapigo ya moyo ilipozimwa hakuviondoa, aliendelea kungoja mpaka binti yake akaja akamwondolea kimoja kimoja.

Wifi yangu, mgomvi wangu, mimi sina la kurudia. Pumzika kwa amani.