Maisha ya Mzee Koki, Fundi wa Maji Aliyegombea Urais

Ndugu, jamaa na marafiki, mliokaa chini ya turubai na ninyi mliosimama juani kwa kukosa viti, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu, mtoto wa nne kwa mama, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, naye ameiandika karatasi hii kwa mkono wake mara nne, na shemeji yake ameisahihisha mara tatu, kwa hiyo palipo na kosa lawama ni ya mdogo mtu, na palipo na ukweli shukrani ziende kwa mjane.

Marehemu, ambaye karibu wote mlimwita Mzee Koki, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba sita, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa fundi wa matangi ya maji ya garimoshi na mama aliyekuwa fundi cherehani, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alipoanza kutambaa hakuelekea kwa mtu yeyote, alielekea kwenye ndoo.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari hadi 1968, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mwezi Desemba 1971, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika mwandiko, maana aliyoyaandika yeye mwenyewe yalimshinda kuyasoma kesho yake. Januari 1972 aliajiriwa na idara ya maji kama fundi bomba daraja la tatu, akapanda hadi kuwa fundi mkuu mwaka 1983, na waliofanya kazi chini yake, ambao baadhi yenu mpo hapa, mnajua kwamba hakuwa bosi wa kunyoosha kidole, bali bomba lilipopasuka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia mtaroni na wa mwisho kutoka, na suruali zake zote zilikuwa na viraka magotini.

Mwaka 1976 alikwenda stoo ya idara kuchukua mabomba ya inchi mbili, akakuta karani mpya, binti mwembamba mwenye miwani, aliyemwambia, "Fomu hii haina sahihi, rudi ulikotoka." Alirudi siku hiyohiyo mara tatu, na mara ya tatu alikuwa na fomu iliyojazwa mpaka nyuma, pamoja na swali ambalo fomu haikuwa na nafasi yake, na karani alimjibu baada ya miezi minne. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu, wa pili, binti, ni fundi wa maji kama baba yake, na wa tatu ni mpiga picha aliyepiga picha mnayoiona hapo mbele, na wajukuu ni saba.

Siasa ilimkuta kazini. Mwaka 1987 hospitali ya wilaya ilikaa wiki tano bila maji, barua zikiwa zinazunguka kutoka meza hadi meza, na marehemu akachoka kungoja, akawachukua mafundi wanne, wakalaza bomba kwa siku mbili bila kibali cha mtu, maji yakatoka, naye akasimamishwa kazi. Wauguzi wa hospitali hiyo ndio waliomwendea nyumbani kumwomba agombee ubunge, na katika kampeni za mwaka 1988 mpinzani wake alisimama jukwaani akasema, "Huyu si mwanasiasa, huyu ni koki tu," watu wakacheka, marehemu naye akacheka, akalichukua jina, akashinda. Alikuwa mbunge kwa miaka ishirini, na kuanzia mwaka 1998 alikuwa waziri wa maji, hadi chama kilipomsimamisha kugombea urais katika uchaguzi wa Jumatano, tarehe 12 Novemba 2008, na meneja wa kampeni zake alikuwa mdogo wake, huyu anayewasomea.

Familia imeamua kwamba sehemu inayofuata isomwe bila kupunguzwa. Matokeo yalitangazwa Jumamosi, tarehe 15, saa nne asubuhi, na marehemu alikuwa ameshindwa kwa kura laki moja na elfu kumi na tisa. Nje ya ofisi ya chama walijaa watu zaidi ya elfu mbili, wengine wameshika fimbo, wengine mawe, wakingoja neno moja tu, na mdogo wake alikuwa na neno hilo mfukoni, tamko lililopigwa chapa tayari, la kuyakataa matokeo. Lakini marehemu alikuwa ameshinda siku mbili mezani na fomu zilizoletwa na mawakala wa chama chake mwenyewe kutoka kila kituo, akizijumlisha kwa kikokotoo cha mkewe, mara ya kwanza na mara ya pili, na hesabu yake na ya tume zilikuwa ileile. Alitoka nje akiwa na shati la mikono mifupi, akapanda juu ya kiti cha plastiki kilichokuwa kinayumba, akasema, "Tumeshindwa. Fomu ni za mawakala wetu, nimezijumlisha mwenyewe. Atakayewaambia tumeibiwa anawadanganya, hata akiwa ndugu yangu. Rudini nyumbani mkale, mlale, keshokutwa kuna kazi."

Mama mmoja mpishi wa ofisini akaanza kulia, na watu wakaanza kuondoka mmojammoja, halafu kumikumi, na siku ile halikurushwa jiwe hata moja, na kuna vijana waliokuwa pale ambao leo ni wazazi. Mdogo wake hakuliona hilo. Yeye alikuwa ameshashona suti tatu na kumweleza fundi kila moja ni ya shughuli gani ya Ikulu, akamwambia kaka yake kwenye korido, mbele ya makarani, "Umeniuza hadharani," akaondoka, na hakuikanyaga nyumba ya kaka yake kwa miaka mitano, hata kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake alituma zawadi kwa mkono wa mtu mwingine.

Wengi wanamjua marehemu wa kabla ya siku ile, wachache wanajua yaliyofuata. Nyumba ya serikali ilirudishwa, gari likarudishwa, dereva wake wa miaka mingi akaagwa kwa machozi ya pande zote mbili, na simu iliyokuwa ikilia mpaka inapata joto ikanyamaza, hata akawa anainyanyua kuangalia kama mtandao upo. Mara ya kwanza alipoita teksi alisimama kando ya mlango wa nyuma, akangoja, dereva naye akangoja, mpaka dereva akachungulia, "Mzee, umesahau kitu ndani?" ndipo alipokumbuka kwamba mlango wa gari hufunguliwa na anayepanda. Alicheka alipolisimulia miaka ya baadaye, lakini siku yenyewe hakucheka, alirudi ndani akakaa. Alikaa hivyo miezi saba, kwenye kiti kimoja, akitazama Bunge kwenye televisheni na kuwajibu mawaziri kwa sauti, hajanyoa ndevu, hataki wageni, na mkewe anasema hapo ndipo alipoogopa kumpoteza kuliko wakati wowote wa ugonjwa.

Siku moja ya Juni 2009 mkewe aliizima televisheni, akasimama mbele yake. "Mzee, Bunge limeendelea bila wewe. Choo cha nyuma kimeziba. Wewe utaendelea lini?" Aliinuka, akauliza mfuko wake wa vifaa uko wapi, na saa sita mchana choo kilikuwa kinapitisha maji, naye alikuwa amelowa mpaka kifuani, anapiga mluzi. Jirani mwalimu alisikia ule mluzi juu ya ukuta, akapata ujasiri wa kusema kwamba na kwake tangi linavuja, baada ya kwake pakafuata kwa muuza duka, na ndani ya mwaka mmoja mtaa mzima ulikuwa umezoea kumwona aliyewahi kuwa waziri amelala chali chini ya sinki la mtu. Mwaka 2010 aligombea ukatibu wa kamati ya maji ya mtaa, akashinda kwa kura thelathini na nne dhidi ya ishirini na tisa, akadai zihesabiwe upya, kwa kuwa alisema amepoteza mazoea ya kushinda.

Novemba 2013 mdogo wake naye aligombea, kiti kilekile cha zamani cha kaka yake, kwa chama kingine, akashika nafasi ya nne kati ya wagombea watano. Siku ya kwanza nyumba ilijaa watu wa kutoa pole, siku ya pili walikuja waliotaka kujua sasa atahamia upande gani, na siku ya tatu hakuja mtu, hata simu ya kukosea namba haikuingia. Saa kumi jioni ya siku hiyo hodi ilipigwa, akafungua, akamkuta kaka yake mlangoni, ametoka kituo cha basi kwa miguu, mkono mmoja mfuko wa vifaa, mkono mwingine mkate na maziwa. Hakutoa pole. Alipita mpaka jikoni, akasikiliza. "Hii koki inavuja tangu lini?"

"Tangu kampeni zianze."

"Lete kitambaa, na uingie huku chini unishikie bomba."

Wakalala chini ya sinki watu wazima wawili wenye mvi, bega kwa bega, na baada ya muda mdogo mtu akauliza, "Kaka, ulijuaje kuja leo?" Marehemu hakuacha kukaza nati. "Siku mbili za mwanzo wanakuja wengine," alisema. "Siku ya tatu, mwaka ule, nilikungoja wewe." Hakulisema kwa hasira, na mdogo wake alipoanza kulia alimwambia tu, "Nipe spana ndogo," akaendelea na kazi mpaka mwenzake alipomaliza kulia, kisha wakanywa chai.

Wiki tatu baadaye alimchukua mdogo wake ambebee mfuko, wakaenda kwa mtu aliyemshinda mwaka 2008, ambaye katika uchaguzi huohuo wa 2013 naye alikuwa ameshindwa na sasa amehama Ikulu. Rais mstaafu, ambaye yuko nasi hapa na ameruhusu hili lisemwe, walimkuta sebuleni, mapazia yamefungwa, umeme umekatika tangu jana, mkononi ana karatasi yenye tarakimu ishirini. "Namba ndefu hivi naiingiza wapi?" aliuliza, na marehemu akamjibu, "Kwenye mita, nyuma ya mlango. Mimi ilinichukua wiki mbili," wakatazamana, wakacheka mpaka walinzi wakaja kuangalia kuna nini. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake, baada ya kila uchaguzi, wa udiwani, wa ubunge au wa chama chochote, kumtembelea aliyeshindwa siku ambayo wengine wamekwisha kuondoka, na hakupeleka mawaidha, alipeleka mkate, akauliza kama kuna kinachovuja.

Figo zake zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya wilaya, na uchaguzi wa Novemba mwaka huo ulimkuta kitandani, hivyo aliwapigia simu walioshindwa kumi na moja, na wanane kati yao walikuja wenyewe kukaa naye. Hali ilibadilika mwezi huu, na Jumanne, tarehe 20 Agosti 2024, saa moja na dakika kumi asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa dada muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemnyoa ndevu kila Ijumaa bila kuombwa, inawashukuru majirani mliofanya kwetu kuwa kwenu, mafundi wa idara ya maji mliochimba kaburi kwa mikono yenu, wanakamati wa mtaa, wanachama wa vyama vyote, na rais mstaafu aliyekaa naye kila Jumapili, na mdogo wake anamshukuru kaka yake kwa namna ambayo karatasi haitoshi.

Limebaki jambo moja. Aliagiza jeneza libebwe na watu sita, watatu waliompigia kura mwaka 2008 na watatu waliomnyima. Juzi kwenye kikao cha familia watatu wa kwanza walipatikana kwa dakika moja, lakini ilipoulizwa nani alimnyima kura, chumba kizima kiliangalia sakafu, mpaka mjane akanyoosha mkono. "Mimi," alisema. "Nilitaka arudi nyumbani." Tulipomuuliza kama marehemu alijua, alisema alimwambia mwaka wa pili baada ya uchaguzi, wakiwa wanakula, na mzee aliweka kijiko chini, akacheka mpaka machozi, akamwambia asante. Baada ya hapo wengine wawili walijitokeza wenyewe, kwa hiyo wabebaji wametimia, na mjane atakuwa mbele, upande wa kulia.

Kaka, tumekuja kukupumzisha. Lala kwa utulivu, na Mwenyezi Mungu akupokee.