Usingizi wa Muuguzi

Kwenye treni ya jioni, muuguzi aliyeketi mbele yangu alimnong'oneza mshonaji mmoja, mama mtu mzima asiyemjua, kwamba alipitiwa na usingizi katikati ya mtihani wa kuingia shahada ya uzamili. "Nilitoka zamu moja kwa moja, mama. Nimeamshwa karatasi zikikusanywa."

"Mwambie mumeo. Usingizi si dhambi."

"Miezi sita anapika, anaogesha watoto, ili mimi nisome. Nimwambie nilikoroma?"

"Sasa utamwambiaje?"

"Kwamba mtihani ulikuwa mgumu."

"Na matokeo yakitoka?"

Mimi nilijifanya nasoma gazeti, ukurasa ule ule tangu tupande.

Treni iliposimama, mwanamume aliyebeba mtoto alikuwa jukwaani akichungulia madirishani. "Mwanachuo wetu huyo!" akamwambia mtoto, akimwonyesha muuguzi kwa kidole.

"Haya, mwanangu, shuka," alisema mshonaji.

Muuguzi hakuinuka.