Chemba Haina Miguu

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho ndani ya basi, lakini masikio yake hayakulala. Nyuma yake walikaa mafundi wawili wa kupanga matofali ya uani, mtu na shemeji yake.

"Shemeji," alianza mwenye mvi, "jana ule mfuniko wa chemba ya majitaka uliuacha wapi?"

"Mfuniko gani? Mimi nimeshindilia mchanga, nikapanga matofali kutoka ukuta hadi ukuta. Mama mwenye nyumba mwenyewe kapiga makofi."

"Basi umeupangia juu! Siku choo kikiziba, watafukua wapi?"

"Chemba haina miguu. Itakuwa palepale."

"Palepale wapi?"

Shemeji akakohoa. Muuguzi naye aliona swali hilo lina haki ya kujibiwa.

"Kesho turudi tung'oe," alisema mwenye mvi.

"Ning'oe kazi iliyosifiwa? Atatuonaje?"

"La kuvunda halina ubani, shemeji."

Basi likasimama. Muuguzi alishuka taratibu, akiuwaza uwanja wake mwenyewe uliotandikwa matofali mwaka juzi: safi, umenyooka, hauna mfuniko hata mmoja.